Menyu Iliyojificha: Uhakiki wa Kioo Kizima cha Simu

Huenda baadhi ya wasomaji wa taarifa hii wakastaajabu kuona kurasa zilizozoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi zikigeukia simu ya mkononi. Mshangao huo una haki yake. Hata hivyo, mwanafunzi aliyeiweka simu yake katika Kiswahili husoma maneno ya menyu asubuhi, mchana na usiku, ilhali riwaya huifungua tu pale mtihani unapokaribia. Maneno hayo yana mtunzi, ingawa jina lake halichapwi popote. Yana mpango, yana msamiati teule, na yana msomaji aliyekusudiwa. Kwa ufupi, yana fani na maudhui. Kitu chenye fani na maudhui chaweza kuhakikiwa, na sijui ni nani anayepaswa kukihakiki kwa upande wa lugha kama si mwalimu wa Kiswahili.

Makala haya hayakusudii kuzungumzia menyu zote. Yanakusudia aina moja inayosumbua zaidi, yaani menyu ya programu inayochukua kioo kizima. Kwa kawaida kioo cha simu huwa na ukanda wa juu wenye saa, betri na alama za mtandao, na ukanda wa chini wenye alama za kurudi nyuma na kwenda mwanzo. Programu inapochukua kioo kizima, kanda hizo mbili huondolewa, na aghalabu menyu ya programu yenyewe huondoka pamoja nazo. Kinachobaki ni video, ukurasa wa kitabu, ramani au mchezo, bila neno lolote pembeni. Hapo ndipo swali huzuka: menyu imekwenda wapi, na mtumiaji ataiita kwa njia gani?

Swali hili halikuwako zamani. Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, iliandika neno la menyu chini ya kioo, juu kabisa ya kitufe kikubwa cha kubonyeza. Kila kipengele kilikuwa na namba yake iliyoonekana pembeni, hata watu wasiojua Kiingereza vizuri waliweza kukariri namba na kufika walikotaka. Simu ya kwanza ya Android iliyouzwa, HTC Dream ya mwaka 2008, nayo ilikuwa na kitufe halisi cha menyu, cha kushikika. Mwaka 2011 toleo la 4.0 la Android liliondoa ulazima wa vitufe hivyo, na menyu ikahamia katika nukta tatu zilizochorwa kiooni. Mwaka 2013 toleo la 4.4 likaruhusu programu kuficha kanda zote mbili hata mtumiaji anapoendelea kugusa kioo. Mwaka 2017 iPhone X ilitoka bila kitufe cha mwanzo. Mwaka 2019 Android 10 ikaleta mwenendo wa kutelezesha vidole kutoka ukingoni badala ya alama za chini. Na mwaka 2024 Android 15 ikafanya programu zilizotengenezwa kwa ajili yake zienee hadi ukingo wa kioo pasipo kuomba. Katika muda wa miaka 16 menyu ilisafiri kutoka kwenye kitufe ambacho hata kipofu angekipapasa hadi kwenye ukingo usio na alama yoyote.

Sisemi kwamba safari hiyo ilikuwa ya bure. Kioo cha simu ni kidogo, na kila ukanda unaobaki humnyima msomaji mistari miwili au mitatu ya maandishi. Mtu anayesoma kitabu kizima katika simu ana haki ya kuona ukurasa, wala si saa na betri. Kitabu cha karatasi hakimwonyeshi msomaji orodha ya yaliyomo katika kila ukurasa. Tofauti ni kwamba yaliyomo ya kitabu hukaa mahali pamoja daima, na kila aliyepita darasani anajua kwamba mahali hapo ni mwanzoni. Menyu ya kioo kizima haina mahali pamoja. Kila mtengenezaji wa programu ameamua lake, na uamuzi huo ndio fani tunayopaswa kuipima.

Kwa jumla mbinu zilizoenea ni tatu. Ya kwanza ni ile ya video. Mtumiaji hugusa mahali popote, na vitufe vyote hujitokeza. Mbinu hii ni kama kupiga hodi: hata mgeni asiyejua nyumba imepangwaje ataitikiwa, maadamu amegonga. Mtoto wa miaka mitatu huigundua bila kufundishwa, na bibi yake pia. Kama kila programu ingeweza kuitumia, makala haya yasingekuwa na haja ya kuandikwa.

Ya pili ni ya programu za kusomea vitabu, kama Kindle na Google Play Books. Hapa kugusa pembeni hugeuza ukurasa, na kugusa katikati huleta menyu. Mpango huu una busara, kwa kuwa umetokana na mkono wa msomaji wa kitabu, ambaye siku zote amegeuza kurasa kwa kushika pembeni. Tatizo lake ni mpaka usioonekana. Katikati huanzia wapi na huishia wapi? Mwanafunzi anayetafuta menyu kwa mara ya kwanza hugusa kidogo kulia, ukurasa ukageuka. Akagusa tena, ukageuka mwingine. Akapoteza alipokuwa akisoma, na menyu bado hajaiona. Nimewaona wanafunzi wa kidato cha tatu wakifunga programu nzima na kuifungua upya kwa sababu hiyo. Hata hivyo, ukishaujua mpaka huo hausahauliki, na kwa maoni yangu hii ndiyo mbinu yenye ustaarabu zaidi kati ya zote tatu, kwa sababu inauachia ukurasa ubaki ukurasa.

Mbinu ya tatu ndiyo yenye makuu. Katika michezo na katika programu za kuchorea, kugusa kioo tayari kuna maana: kila mguso ni pigo au ni mstari. Haiwezekani basi mguso huohuo uwe pia wito wa menyu. Wabunifu wakaamua kwamba mtumiaji atelezeshe kidole kutoka ukingoni kuingia ndani. Katika Android, kanda zilizofichwa hurudi. Na katika namna moja ya mbinu hiyo hurudi zikiwa nusu angavu, kisha hujiondokea zenyewe baada ya muda mfupi. Katika iPhone, programu yaweza kuomba mtelezo wa kwanza uonyeshe alama ndogo tu, na wa pili ndio utekeleze, ili mchezaji asitupwe nje kwa bahati mbaya. Kwa mchoraji na mchezaji mbinu hii haina mbadala mwema. Lawama yangu ni kwa wale walioiazima na kuipeleka mahali isipohitajika, kwenye programu za picha, za masomo na hata za magazeti, ambamo mguso mmoja ungetosha. Huko ni kuiga mtindo kwa ajili ya mtindo, kama mshairi anayeongeza vina vya kati katika utungo ambao hoja yake imekwisha.

Tena ukingo wenyewe una ugomvi wa ardhi. Kwa miaka kadhaa programu nyingi za Android ziliweka menyu yao upande wa kushoto, nje ya kioo, na mtumiaji akafundishwa kuivuta kwa kutelezesha kidole kutoka ukingo huo. Ilipofika mwaka 2019, Android 10 ikauchukua ukingo huohuo, kushoto na kulia, na kuupa maana ya kurudi nyuma. Mkono uliozoea kuvuta menyu ukajikuta unatoka nje ya programu. Watengenezaji waliruhusiwa kuomba sehemu ya ukingo isiguswe na amri hiyo, lakini sehemu yenyewe haikuzidi vipimo 200 vya kioo, yaani kiasi cha sentimita 3 hivi za urefu. Nani atajua kwa macho sentimita 3 hizo ziko wapi? Katika uhakiki wa tamthilia tungesema kwamba mtunzi amempa mhusika mmoja majina mawili, kisha akawalaumu watazamaji kwa kuchanganyikiwa.

Kuna jambo jingine ambalo mbunifu aliyeko mbali hawezi kuliona akiwa mezani pake. Simu nyingi tunazozitumia huku kwetu zimevikwa kava nene za mpira ili zisivunjike, na kava hizo hupanda juu ya ukingo wa kioo. Nyingine zimekwisha pasuka, na nyufa huanzia ukingoni. Kidole kinachopaswa kuanza kuteleza ukingoni hakifiki ukingoni. Hapo si suala la elimu wala la umri. Ni suala la mpira na ufa.

Sasa tuje kwenye muda, ambao kwangu mimi ndio kiini cha shauri hili. Menyu inapokwisha kuitwa, hudumu kwa muda gani? Katika zana za kawaida walizopewa watengenezaji wa programu za Android, chombo cha zamani cha kuongozea video kilipangiwa sekunde 3, kisha hujificha, isipokuwa mtengenezaji aamue vingine. Sekunde 3 zinatosha kwa mtu anayeijua menyu na anayetafuta kitufe kimoja anachokijua mahali pake. Je, zinamtosha anayeisoma?

Hapa hatuna budi kukumbuka sisi ni nani. Sisi tulio nje ya Tanzania na Kenya twafundisha Kiswahili kwa watoto ambao wengi wao hawakukinyonya pamoja na maziwa ya mama. Nchini Uganda Kiswahili kiliwekwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mwanafunzi wa aina hiyo hasomi neno kwa kulitazama tu. Hulitamka moyoni, silabi kwa silabi, kisha hulitafsiri. Mpe menyu yenye vipengele sita, vya maneno mawili mawili, nawe uhesabu mpaka tatu. Atakuwa amefika kipengele cha pili au cha tatu menyu inapozimika. Ataiita tena, ataanza tena juu, na itazimika tena. Baadaye atafanya kile ambacho wanafunzi wetu wengi wamefanya: atairudisha simu katika Kiingereza au Kifaransa, na kuhitimu kwamba Kiswahili hakifai kwa simu. Kumbe kosa si la Kiswahili. Ni la saa iliyopimwa kwa jicho la msomaji mwingine.

Mtu atasema kwamba tiba ipo, na ni kweli. Tangu Android 10, ndani ya sehemu ya mipangilio iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, mtumiaji aweza kuchagua ujumbe unaojiondoa wenyewe udumu kwa sekunde 10, 30, dakika 1 au dakika 2. Nawashauri walimu wenzangu waitafute na kuitumia. Lakini tiba hiyo ina dosari mbili. Programu hailazimiki kuifuata, na baadhi hazifuati. Tena imewekwa ndani ya menyu, ya ndani ya menyu, mahali ambapo anayeihitaji ndiye wa mwisho kufika. Wala sioni kwa nini mtu anayesoma polepole kwa kuwa anajifunza lugha ya nne ahesabiwe kuwa na ulemavu.

Tukigeukia msamiati, haki itendeke: watafsiri wa simu wamefanya kazi kubwa kuliko tunavyokubali. Neno "telezesha" ni zuri mno. Ni kitenzi cha Kiswahili cha siku zote, kimenyambuliwa kwa kawaida yake, na mtu yeyote aliyewahi kuteleza kwenye tope anajua maana yake kabla hajaigusa simu. "Ghairi" vilevile ni chaguo la msomi. Linasema wazi kwamba mtu amebadili nia, jambo ambalo neno kama "acha" lisingelisema. Na "gusa" limeshinda "bonyeza" kwa haki, kwa kuwa kioo hakibonyei.

"Menyu" lenyewe ni mgeni aliyekwisha kupewa kiti. Wapo wanaotaka "orodha", lakini orodha ni jina la kila kitu kilichopangwa, kuanzia majina ya wanafunzi hadi bei za vitabu, na simu ina orodha nyingi zisizo menyu. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kwa dhati kama "menyu" limetokana na "kumenya". Nilimkatalia, kwa kuwa ni neno la kigeni lililopitia hotelini. Lakini nilipofikiri juu ya kioo kizima, ambamo menyu haionekani mpaka ubandue ganda la juu, niliona kwamba kosa lake lina akili zaidi ya sahihisho langu.

Neno linalonikera ni "shiriki", linalotumiwa katika programu kadhaa kwa maana ya kuwapelekea wengine picha au maandishi. Kushiriki ni kuingia katika jambo pamoja na wengine: mtu hushiriki mkutano, hushiriki karamu. Anayewapa wengine sehemu ya alicho nacho huwashirikisha. Mswahili wa pwani akilikuta "shiriki" chini ya picha hulisamehe na kukisia. Mwanafunzi wetu hufungua kamusi, husoma kwamba kushiriki ni kuwa mmoja katika jambo, na hukaa akijiuliza anaalikwa wapi. Wapo watakaodai kwamba neno limekwisha kuenea na halirudi nyuma. Huenda. Lakini kinyambuo cha usababishi ni somo la kidato cha kwanza, na ni vigumu kumtahini mtoto darasani juu ya tofauti ambayo simu yake inaifuta kila siku.

Alama nazo zimo katika lugha hii. Ile mistari mitatu inayofungulia menyu ilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, ikikusudiwa kufanana na orodha iliyoandikwa. Kwa aliyekwisha kuambiwa, inafanana. Nukta tatu hazifanani na chochote; katika maandishi yetu nukta tatu ni maneno yaliyokatwa, na labda hilo ndilo linalomaanishwa.

Nakuja sasa kwenye maandishi mafupi yanayostahili kuhakikiwa kuliko yote. Programu inapochukua kioo kizima kwa mara ya kwanza katika simu ya Android, ujumbe hutokea juu, ukieleza kwamba mtu anatazama kioo kizima, na kwamba ili kuondoka atelezeshe kidole kutoka juu kwenda chini. Chini yake pana kitufe kimoja, "Nimeelewa". Mtumiaji akikigusa, ujumbe huondoka na haurudi.

Fikiri darasa lenye simu moja inayopitishwa mikononi, kama yalivyo mengi ya madarasa yetu. Ujumbe humtokea mwanafunzi wa kwanza, naye hugusa "Nimeelewa" kwa sababu hakuna kitu kingine cha kugusa. Wa pili mpaka wa arobaini hawakuambiwa lolote. Hali ni hiyohiyo kwa simu ya nyumbani inayotumiwa na mama, watoto na mjomba. Ujumbe huu umetungwa kwa imani kwamba kila simu ina mtu mmoja. Wenzetu wanaosema kwamba vijana hujifunza wenyewe, na kwamba sisi tunajitwika mzigo usio wetu, wakumbuke vijana hao hujifunza kwa kujaribu. Na kujaribu hakuna hasara mpaka siku kidole kitakapoangukia "Futa" katika simu iliyobeba picha pekee ya marehemu baba.

Lakini kasoro iliyo ndani zaidi ni ya kitenzi. Mtu akitelezesha kidole kama alivyoagizwa, haondoki. Programu inabaki palepale. Zilizorudi ni kanda zilizofichwa, na ili atoke lazima afanye tendo la pili ambalo ujumbe haukulitaja. Kosa hili si la mtafsiri, kwa kuwa Kiingereza chake nacho husema hivyohivyo. Ila mtafsiri alikuwa na nafasi ya kulinyoosha, akaiacha. Msomaji mwaminifu hufanya alichoambiwa, huona hakutoka, hudhani amekosea, na hutelezesha tena na tena huku kanda zikija na kujificha. Ingetosha kuandika: "Vitufe vimefichwa. Telezesha kidole kutoka juu uvione." Ni maneno saba. Nimeyajaribu kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza wasiokuwa na simu zao wenyewe, kwa kuyaandika ubaoni kabla ya kuwapa simu ya shule, na waliotelezesha na kuviona hawakuniuliza kitu. Swali lililofuata lilikuwa la msichana aliyetaka kujua kwa nini vimefichwa.